Kabla Hujatoboa Dirisha kwenye Pawa Saplai

Kabla hujashika drili, jiulize swali moja: kile kipande cha bati unachotaka kukitoa kilikuwa kikifanya kazi gani? Ushauri wote nitakaoutoa hapa unatoka kwenye swali hilo. Bati la pawa saplai ya kompyuta halikuwekwa kuficha vumbi na nyaya. Lina kazi nzito, na dirisha utakaloliweka, liwe la buluu, la kijani au la rangi ya kaharabu, sharti lizirithi kazi hizo zote. Likiziacha, umejitengenezea pambo linaloweza kumuua mtu au kuteketeza nyumba.

Hamu ya kuliweka naielewa na naiheshimu. Pwani ya kusini ya Kenya inapenda rangi. Simama jioni kwenye barabara ya Ukunda kwenda Diani uone tuktuk zinavyopita na taa za zambarau chini ya viti. Kanuni za usafiri za mwaka 2004, zile watu walizoziita sheria za Michuki kwa jina la waziri wa uchukuzi aliyezileta, ziliyavisha magari ya abiria mstari mmoja wa njano, michoro ikafifia. Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliporuhusu michoro irudi, ilirudi kwa kishindo. Kijana aliyekulia katikati ya hayo, akifika umri wa kujiundia kompyuta ya kuchezea michezo, haridhiki na boksi jeusi. Wala si mambo ya vijana wa leo peke yao. Ile Zahanati ya Zamani ya Zanzibar, jengo ambalo tajiri Tharia Topan aliweka jiwe lake la msingi mwaka 1887, ina vioo vya rangi ambavyo watu husimama kuvitazama mpaka leo.

Na upo mfano mzuri zaidi, kutoka kwenye kompyuta zenyewe. Mwaka 1998 kampuni ya Apple ilitoa iMac yenye ganda la plastiki ya buluu inayopitisha mwanga. Dunia nzima ikaiona ile buluu. Lakini aliyeinama akachungulia aliona kuwa nyuma ya plastiki kulikuwa na bati lenye matundu madogo madogo. Wabunifu wake walifunua walichoweza kufunua, na palipohitaji chuma wakaacha chuma. Hivyo ndivyo ninavyotaka tufanye.

Tuanze na kazi ya kwanza ya bati, athi, yaani njia ya kuupeleka umeme ardhini, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Umeme wetu Kenya ni volti 240. Ukiingia kwenye pawa saplai, hatua ya kwanza ni kugeuzwa kuwa umeme wa mkondo mmoja, na hapo unapanda hadi karibu volti 340. Katika zile mpya zenye sakiti ya kurekebisha mkondo unafika kati ya 380 na 400. Umeme huo unakaa ndani ya kapasita moja kubwa au mbili, na katika pawa saplai nyingi hata yale mabawa ya alumini yanayopoza transista za upande wa kuingilia yana umeme huohuo. Ukiyagusa ni sawa na kuugusa waya. Kati ya vitu hivyo na mkono wako kuna bati lililofungwa waya wa kijani na njano unaokwenda kwenye mguu mrefu wa plagi. Waya ukichomoka ndani ukaligusa bati, umeme unakimbilia athi na fyuzi inakatika. Bila bati, au bati likiwa halina athi, umeme utatafuta njia nyingine ya kufika ardhini, na mara nyingi njia hiyo ni mtu aliyesimama peku sakafuni.

Huenda umewahi kugusa CPU, yaani lile boksi zima kama tunavyoliita huku, ukahisi mtetemo kwenye vidole. Watu huzoea, wakasema ndivyo kompyuta zilivyo. Sivyo. Ndani ya pawa saplai nyingi kuna kapasita mbili ndogo, mara nyingi za rangi ya buluu, zinazounganisha nyaya za umeme na bati ili kupunguza kelele za umeme. Athi ikiwa haifiki, kapasita hizo huliacha bati likielea kwenye karibu nusu ya umeme wa ukutani. Mkondo wake ni mdogo na kwa kawaida hauui, lakini unakwambia wazi kwamba mlinzi hayupo. Chanzo huwa ni ekstensheni ya nyaya mbili, au soketi ambayo fundi aliiwekea tundu la tatu bila kulifunga waya, au chuma cha athi kilichopigwa kwenye mchanga mkavu, ambao ni mpitishaji dhaifu wa umeme. Kama kompyuta yako inatetemesha, achana na dirisha kwanza. Mwite fundi wa umeme wa nyumba akague athi. Kutoboa bati la pawa saplai kwenye nyumba isiyo na athi ni jambo ambalo siwezi kumshauri mtu yeyote.

Kazi ya pili ya bati ni kuzuia moto. Kapasita ikipasuka au transista ikilipuka, cheche na mvuke wa moto hubaki ndani ya chuma. Ya tatu ni kuelekeza hewa: feni huvuta upande mmoja na kusukuma upande mwingine, na boksi zima ndilo bomba lake. Ya nne watu huisahau. Pawa saplai hukata umeme mara makumi ya maelfu kwa sekunde, na ukataji huo hutoa mawimbi yanayoweza kuharibu redio ya jirani. Bati huyameza.

Sisi wa karibu na bahari tuna ya tano. Bati hupunguza chumvi na kuwazuia mijusi, sisimizi na mende, ambao wote hupenda kulala penye joto. Haliwazuii kabisa, kwa kuwa feni ina matundu, lakini ukiongeza tundu unawaongezea mlango.

Katika Diani kuna boti zenye kioo sakafuni, zinazowapeleka wageni kutazama matumbawe. Seremala anayeijenga boti ya namna hiyo hatoboi sakafu halafu akabandika kioo. Huanza kwa kuitia fremu madhubuti kuzunguka tundu, ili nguvu iliyotolewa irudishwe, kisha hukaza kioo kwa namna ambayo maji hayatapenya. Dirisha la pawa saplai lina sharti hilohilo.

Na kama seremala, anza kwa kujua abiria ataona nini. Kompyuta nyingi za siku hizi zina kifuniko cha bati au plastiki chini, kinachoizika pawa saplai isionekane kabisa. Ukiikata na kuipamba hiyo, hakuna atakayeiona. Fungua ubavu wa CPU, washa tochi, kaa unapokaa siku zote, utazame. Uso upi wa pawa saplai unaonekana? Mara nyingi ni ubavu mmoja tu, na huo ndio wa kufikiriwa. Uso wenye feni usiuguse, wala ule wa nyuma wenye soketi.

Kuna njia ya kupata rangi bila kukata chochote, na kwa wasomaji wengi ndiyo ninayoipendekeza. Feni ya pawa saplai hutoka, ila kabla ya kuifungua fuata hatua za kumwaga umeme nitakazozieleza mbele. Waweza kuweka nyingine ya kipimo kilekile, milimita 80 au 120, yenye taa za rangi ndani yake na mabawa ya plastiki inayopitisha mwanga. Mwanga utatoka kupitia wavu wa feni uliokuwapo tangu kiwandani, na bati linabaki zima. Hakikisha tu feni mpya ni ya volti 12, inavuta hewa nyingi kama ile ya zamani au kuizidi, na upepo wake unaelekea upande uleule. Usishangae taa zikiwa hafifu mwanzoni: pawa saplai nyingi huipa feni umeme mdogo mpaka joto lipande. Kama kwenye feni ya zamani kulikuwa na karatasi ya plastiki iliyoziba sehemu ya uso wake, irudishe mahali pake. Iliwekwa kuelekeza hewa.

Njia nyingine ni kuweka dirisha kwenye ubavu wa CPU yenyewe. Hapo ndani umeme mkubwa kabisa ni volti 12, na ukikosea kitu, hasara yake ni ya pesa. Ukiwa na pawa saplai iliyokufa kabisa unaweza pia kutoa vyote vilivyomo ndani yake isipokuwa koili na transfoma za kupendeza, ukaitia kioo cha rangi na taa za LED, ikawa taa ya mezani inayotumia adapta ya volti 12. Hii ni kazi nzuri ya kumfundishia kijana kutumia tupa na drili.

Nao wapo ambao nawaomba wasikate kamwe. Mwenye chumba cha michezo ambako watoto huingia na soda mkononi, asikate. Kompyuta ya shule, ya zahanati, ya ofisi ya watu, isikatwe. Pawa saplai nyepesi isiyo na jina, ile ambayo ukiinyanyua unahisi kama umebeba boksi tupu, nayo iache. Ndani yake vitu vya usalama vimeshapunguzwa kiwandani, usipunguze tena. Na iliyo bado kwenye waranti, ujue waranti inaisha pale unapofungua skrubu ya kwanza.

Kwa aliyebaki, mwenye pawa saplai nzuri, nyumba yenye athi na mikono iliyotulia, tuendelee. Lakini sehemu hii ya kwanza, kama hujawahi kushika mita, mpelekee fundi wa elektroniki uketi kando yake. Malipo yake ni madogo kuliko kosa lake.

Chomoa waya wa ukutani. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi. Bonyeza kitufe cha kuwashia kompyuta mara moja ukiwa umeshachomoa. Feni huenda ikajaribu kuzunguka kidogo, ikila umeme uliobaki. Halafu iache ilale mpaka kesho. Nasema hivyo hata kama utasoma mahali kwamba dakika kumi zinatosha. Kapasita zina rizista za kumwaga umeme, lakini rizista hukatika, na ikikatika kapasita hubaki imeshiba bila kuonyesha dalili. Kapasita ya maikrofaradi 470 iliyojaa volti 340 ina nguvu ya kukutupa nyuma, na moyo haujui kwamba ulikuwa unatengeneza pambo.

Kesho yake, fungua skrubu nne za kifuniko. Mkono mmoja mfukoni, viatu vya mpira miguuni, saa na pete pembeni. Weka mita kwenye umeme wa mkondo mmoja, kipimo cha volti 600 au zaidi, upime miguu ya kila kapasita kubwa. Ikiwa bado kuna umeme, umwage kupitia rizista ya omu elfu mbili hivi, ya wati 10, iliyoshikwa kwa koleo yenye vishikio vya mpira, kwa sekunde kumi. Usipige shoti kwa bisibisi kama wanavyofanya wengine. Cheche ile huharibu kapasita na huruka machoni. Kisha pima tena baada ya dakika chache, maana kapasita huwa na tabia ya kujirudishia umeme kidogo. Mita ikisoma volti moja au mbili, ndipo uguse.

Toa kila kitu kwenye bati kabla ya kukata. Sina maneno makali ya kutosha kulisisitiza hili. Punje moja ya chuma iliyobaki chini ya bodi yatosha kuunganisha umeme wa ukutani na bati siku utakayowasha. Piga picha kwa simu kila hatua, hasa pale waya wa kijani na njano ulipofungwa kwa skrubu na washa ya meno. Ile karatasi ya plastiki iliyo chini ya bodi ichukue kwa uangalifu na uirudishe ilivyokuwa. Ndiyo inayotenganisha miguu ya vifaa na chuma.

Mahali pa kukata ni kifuniko peke yake, ile nusu ya juu inayotoka ikiwa tupu. Pawa saplai ya kawaida ya aina ya ATX ina upana wa milimita 150, kimo cha 86 na urefu wa kuanzia 140. Kwenye ubavu wa milimita 86 kwa 140, dirisha la 40 kwa 80 linatosha na linaacha bati la kutosha kuzunguka. Lisogeze upande zinakotoka nyaya za rangi za kwenda kwenye bodi ya kompyuta. Huko ndiko kwenye umeme mdogo, na kwa bahati njema ndiko kwenye koili nene za shaba zinazopendeza zaidi. Upande wa kapasita kubwa na soketi, acha chuma. Kama ubavu ulikuwa na matundu ya hewa, usiyale.

Kuhusu kitu cha kuziba, nina msimamo. Vijana wengi hukimbilia akriliki, ile wanayotumia mafundi wa mabango, kwa kuwa vipande vyake vya rangi hupatikana kwa bei ya chini au bure. Akriliki inang'aa vizuri sana. Lakini ikishika moto huendelea kuwaka na kudondosha matone yanayowaka, na huanza kulainika ikikaribia nyuzi 100. Polikaboneti, ile inayotumika kwenye mapaa ya kupitishia mwanga, hulainika karibu nyuzi 147, haivunjiki kirahisi, na kwa kawaida moto ukiondolewa hujizima. Kwenye pawa saplai inayofanya kazi tumia polikaboneti ya milimita 3, na akriliki iwe ya ile taa ya mezani. Ukikosa ya rangi, chukua isiyo na rangi na uache taa zitie rangi. Karatasi za tinti za gari usizibandike kwa ndani. Gundi yake hulegea kwa joto, na karatasi iliyolegea inaweza kudondokea juu ya feni au mabawa ya alumini.

Sasa wavu, ambao ndio urithi wa bati. Maduka mengi ya vifaa vya ujenzi huuza wavu wa mbu wa chuma kwa ajili ya madirisha. Hakikisha ni wa chuma au alumini. Ule wa plastiki wa kijani hauna faida hapa. Kata kipande kinachozidi tundu kwa sentimita moja na nusu kila upande, kunja kingo zake zote ili zisibaki nyaya zilizolegea, ukilaze juu ya bati kwa nje, kisha polikaboneti juu yake. Kwa mpangilio huo hakuna uzi wa wavu utakaodondokea ndani, chuma kimerudi palipokuwa na chuma, na mkono wa mtu unagusa plastiki tu. Pale wavu unapokutana na bati, kwangua rangi mpaka chuma kitupu kionekane, upake grisi nyembamba kuzuia chumvi. Mwanga wa rangi unaopita kwenye wavu huo hutawanyika vizuri. Mimi huupenda kuliko ule wa kioo kitupu.

Kukata kwenyewe hakuna siri. Bandika utepe wa karatasi wenye gundi juu ya bati lote, chora, toboa pembe nne kwa drili ya milimita 8 au 10 ili kona ziwe za mviringo, kisha unganisha kwa msumeno mdogo wa chuma na umalizie kwa tupa. Plastiki iikate kwa mwendo wa polepole, usiache ipate moto. Matundu ya skrubu kwenye plastiki yawe mapana kuliko skrubu kwa milimita moja, maana plastiki hutanuka kwa joto kuliko chuma na ikibanwa hupinda. Kingo za bati zilizokatwa zipake rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Huku kwetu, hasa wakati wa kusi linapoleta unyunyu wa bahari mpaka ndani ya nyumba, chuma kilichoachwa uchi hakikawii kugeuka rangi.

Skrubu zina ujanja wake. Ukizipitisha kutoka nje, ncha zake huingia ndani na kuukaribia umeme. Zigeuze: vichwa bapa viwe ndani, nati za kofia ziwe nje. Funga kifuniko kikiwa kitupu, pima kwa rula, uhakikishe hakuna chochote cha dirisha lako kilicho karibu na kifaa chochote kwa chini ya milimita 8. Ukitaka ukingo safi, mafundi wa vioo vya matatu huuza mpira mwembamba wa kuzungushia.

Taa ziwe chache. Kipande cha utepe wa LED wa volti 12, sentimita 15 tu, kinatosha kabisa na hakifiki wati mbili na nusu hata kikiwa cha aina yenye mwanga mkali. Kibandike kwenye bati la ndani upande wa nyaya za rangi, ukifunge pia kwa vifungo vya plastiki kwa sababu gundi peke yake haidumu kwenye joto na unyevu. Nyaya zake zitoke kwenye tundu lilelile zinakotoka nyaya nyingine, zikachukue umeme kwenye soketi ya ziada ndani ya CPU: waya wa njano ni volti 12, mweusi ni wa kurudi. Ukiunga kwenye mwekundu utapata volti 5 na taa hazitawaka vizuri. Usiunge kitu chochote upande wa umeme wa ukutani.

Ukisharudisha kila kitu, waya wa athi umekazwa na washa yake ya meno, pima kabla ya kuwasha. Mita kwenye omu, mkono mmoja wa mita kwenye mguu mrefu wa plagi, mwingine kwenye bati la kifuniko, kisha kwenye kichwa cha kila nati ya dirisha. Kila mahali isome karibu na sifuri. Ikizidi omu moja, kuna rangi au kutu inayozuia. Fungua, kwangua, rudia. Halafu tikisa boksi zima sikioni. Kikilia chochote, fungua.

Kuwasha mara ya kwanza kufanyike nje ya kompyuta, uani, mbali na makuti, ndoo ya mchanga ikiwa karibu na mtu wa pili akiwa kwenye swichi. Kama pawa saplai yako ni ya zamani yenye kile kiswichi chekundu nyuma, tazama kinasoma 230. Kikiwa kwenye 115 kwa umeme wetu, italipuka papo hapo, na imeshawatokea wengi wakati wa kuhangaika na skrubu. Unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwenye plagi kubwa ya pini 24 ili iwake bila kompyuta, na uitwishe balbu ya breki ya gari ya wati 21 kwenye njano na nyeusi. Iache nusu saa. Gusa plastiki kwa mgongo wa mkono: ikiwa ya vuguvugu, sawa, ikiwa huwezi kuendelea kuigusa, hewa haipiti. Weka redio ndogo ya mawimbi ya kati umbali wa hatua mbili, uwashe na kuzima. Ikikoroma zaidi ya ilivyokuwa kabla hujakata, wavu wako haujagusa bati vizuri.

Ukifika hapo umepata kitu chenye manufaa ambayo pengine hukuyawaza. Pawa saplai nyingi za Pwani hufa kwa vumbi lililolowana chumvi, kapasita zilizovimba kichwa, au mjusi aliyekaangwa juu ya bodi, na mwenyewe hujua baada ya mlipuko. Wewe unaona. Mara moja kwa mwezi, na kila kusi likipamba, chungulia na tochi. Vichwa vya kapasita viwe bapa. Ukiona kimoja kimejaa kama tumbo, au ute wa kahawia chini yake, zima na uipeleke kwa fundi wiki hiyohiyo. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye shaba, chumvi imeshaingia. Hamisha kompyuta kutoka kwenye dirisha linalotazama bahari. Msomaji wa Kwale mjini, huko juu Shimba Hills, ana chumvi kidogo kuliko wa Gazi au Diani, lakini ana ukungu wa asubuhi, naye aiwashe kompyuta mara kwa mara ili ijikaushe. Umeme ukikatika, chomoa na usichomeke mpaka dakika kadhaa zipite tangu uliporudi, au uwe na TV gadi inayochelewesha yenyewe.

Plastiki ifutwe kwa kitambaa laini kilicholowa maji na sabuni kidogo, waya ukiwa umechomolewa. Petroli, tina na spiriti usivitumie kabisa: vinaitia nyufa nyembamba zinazokuja kuonekana baada ya wiki, na dirisha lenye nyufa libadilishwe mara moja, wavu ukikaguliwa siku hiyohiyo.